Vidole Vitano vya Riziki

Niliondoka Mombasa kwa sababu ya maneno mawili: niko sawa. Binti yangu Riziki alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu huko Birmingham, Uingereza, akichezea timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Mwaka wa kwanza alinipigia simu hadi sikio likapata moto: nani kamsukuma, nani kamnyima pasi, kocha kasema nini. Kisha, kuelekea mwisho wa 2017, simu zikawa fupi. Mpira je? Niko sawa. Unakula? Niko sawa. Mimi nauza viatu vya mitumba Kongowea, na muuzaji anayekwambia kiatu kiko sawa kabla hujauliza, ujue soli imeachia. Nikafunga kibanda, nikamwambia Mama Saumu wa kibanda cha pili kwamba naenda kumtazama mtoto. Sikumwambia kwamba naenda kumrudisha.

Ndege ilitua Birmingham asubuhi, ingawa kwa giza lile ningeapa ni saa kumi na moja alfajiri. Riziki alikuwa akinisubiri pamoja na Halima, rafiki yangu wa utotoni, Msomali aliyekulia kwetu Mombasa, akaishi Uholanzi, kisha akahamia huku. Nilimkumbatia mwanangu. Nikamkumbatia tena kuhakikisha. Mbavu zilikuwa karibu mno.

"Umekonda."

"Ni mazoezi, mama. Niko sawa."

Halima akanitazama juu ya bega la Riziki.

Tulifikia kwa Halima, Sparkbrook, mtaa ambao nyumba zimebanana hadi jirani akikohoa unamwitikia pole. Wanawe wanasikia Kiswahili chote, lakini wakifungua mdomo ni Kiingereza. Nikiwaita kula wanakuja mbio. Nikiwauliza wameshiba, nasubiri mama yao atafsiri jibu. Usiku ule Riziki alilala nami kitanda kimoja kama zamani. Alikuwa ubavuni mwangu, na bado nilikuwa na hamu naye.

Jumatatu jioni mimi na Halima tulimfuata mazoezini. Kabla ya mpira kuguswa, wasichana walisimama duara na kocha wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, akauliza jambo. Kila mmoja akainua vidole. Mmoja vitatu, mwingine vinne, na nahodha mwenyewe viwili. Riziki akainua vitano.

"Wanapiga kura?" nikamuuliza Halima.

"Hapana, dada. Kocha anauliza akili zao ziko vipi leo. Tano ni nzuri kabisa, moja ni mbaya. Anasema akili nayo inaumia kama goti."

Basi nikamtazama mwenye vitano vyake. Alikimbia vizuri, alidaka vizuri. Ila ilipofika ile mitupo ambayo mchezaji husimama peke yake mbele ya kikapu na hakuna wa kumzuia, alifuta viganja kwenye bukta, akatazama mlango, ndipo akatupa. Akakosa. Akafuta, akatazama mlango, akakosa tena. Mtu mwenye vitano hatafuti mlango.

Jumanne mchana tulitembea Ladypool Road, barabara ya maduka, mimi na Riziki tu. Nilishindana na mwenye duka la matunda juu ya kasha la maembe hadi akaniuliza natoka soko gani. Riziki akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Nikaona mlango huo, nikaingia.

"Yule baba alipotaja bei, nililipa?"

"Wewe? Thubutu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bei ya kwanza ni salamu tu."

"Na vitano vyako vya jana?"

Tukapita duka la vitambaa, tukapita kinyozi.

"Mama, mtu akikuuliza habari gani, utamjibu mbaya? Mbele za watu? Umenifunza wewe mwenyewe: kwanza nzuri, mengine baadaye."

"Na hayo baadaye?"

"Huku hakuna baadaye. Ukisema vitano, anaandika vitano, mnaanza kukimbia."

Nilisimama palepale na maembe yangu. Kwetu ukijibu nzuri, mtu hakuachi. Anauliza watoto, anauliza nyumba, anauliza tena afya, na huko nyuma ndiko maneno yenyewe hutoka. Mtoto alikuwa akisubiri swali la pili tangu Septemba. Na mimi simuni nilikuwa nikilipa bei ya kwanza.

"Haya. Vitano nimekataa," nikasema.

"Vitatu, basi."

"Shusha."

"Mama!"

"Shusha, nakwambia. Mimi si kocha."

Akageukia dirisha la duka. "Kimoja." Kisha yakamwagika. Kwamba akisimama pale peke yake, ukumbi ukinyamaza, anauona mpira ukikosa kabla haujatoka mkononi. Kwamba shuleni kwao walikuwa wakiimbiwa na darasa zima, na huku watu wananyamaza kwa heshima, na heshima ile anaisikia kama wanasubiri akose. Kwamba siku za mechi anatapika. Kwamba akionekana dhaifu watamweka nje, na bila mpira, yeye huku ni nani?

"Basi turudi nyumbani," nikasema, haraka mno. Ndilo neno nililokuja nalo.

"Nataka nyumbani, mama. Kila siku nataka. Na mpira pia nautaka."

Jumatano ilikuwa siku ya mechi. Duara likapangwa, kocha akauliza. Riziki alinitafuta jukwaani, akainua kidole kimoja. Nilishika mkono wa Halima hadi akalalamika. Kocha hakupiga kelele wala hakumfukuza. Alimwekea mkono begani, wakasogea kando, wakazungumza kichwa kwa kichwa. Baadaye Riziki alinieleza: atakutana na mshauri wa wanafunzi, kocha mwenyewe atampeleka, na leo achague, acheze au akae. Nahodha alikuwa amempisha nafasi karibu naye kwenye benchi, akamwambia karibu kwenye chama cha wenye vidole vichache.

Alichagua kukaa kipindi cha kwanza. Cha pili akaingia. Akachezewa rafu, akapewa mitupo miwili. Ukumbi ukanyamaza ile heshima yao. Mimi heshima ile ikanishinda. Nikapiga kigelegele cha harusini, watu wakageuka wote, Halima akajifunika uso kwa mtandio.

Riziki akakosa. Akakosa na wa pili. Lakini hakutazama mlango hata mara moja, na usiku ule alikula sahani mbili za wali wa Halima, nikazihesabu.

Siku ya kurudi, uwanja wa ndege, nilimwambia nafasi ya kwenda naye nyumbani bado ipo, akitaka nitamkatia tiketi hata leo.

"Niache nimalize msimu," akasema. "Nikishindwa nitakwambia."

"Utaniambia kweli?"

"Utauliza mara ya pili?"

"Nitauliza."

Nikaingia peke yangu. Nilikuwa nimeondoka kwetu kumfuata mtoto aliyenyamaza, nikarudi bila mtoto.

Mombasa nilifungua madirisha ya chumba chake, nikakung'uta shuka, nikatandika, nikafunga. Siku hizi simu zake ni ndefu tena. Wiki nyingine zinamwendea vyema. Wiki nyingine analia, ananieleza alivyokosa na alivyolala, nami nimeketi kwenye kigoda kati ya viatu vya watu, mkono haufiki. Zamani "niko sawa" yake iliniacha nikilala. Ukweli hauniachi nilale. Mama Saumu aliponiuliza nimerudi na nini Ulaya, nilimwambia ni ukweli wa mwanangu, na kwamba siurudishi.