Nilichagua Kalenda ya Bosi, Sasa Naogopa Kusema Ukweli

Habari za kazi admin. Naomba jina langu lisionekane kabisa, maana ofisini kwetu wengi wanausoma ukurasa huu.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na tano, karani katika taasisi moja hapa Dodoma, nimepanga chumba Miyuji. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio, imebaki miezi miwili nithibitishwe kazini. Nina mchumba, nitamwita J. Barua yake ya posa imeshapokelewa nyumbani.

Mwanzoni mwa mwaka bosi wetu alijikuta ana vikao viwili kwa wakati mmoja, kwa sababu shajara yake ya karatasi aliisahau kwenye gari. Akaniita. "Binti, wewe umesoma. Nitafutie kalenda nzuri ya kwenye simu, tuone ratiba yangu watu watatu tu: mimi, wewe na Mama S." Mama S ni katibu muhtasi wake, mtu mzima, amebakiza miaka miwili kustaafu.

Mimi ni mwoga wa makosa, kwa hiyo nilizipima programu tatu kabla ya kuchagua. Ya kwanza ilijaa matangazo. Ya pili ilitaka ruhusa ya kusoma namba zangu zote na kujua nilipo, nikajiuliza kalenda inataka namba za mama yangu za nini, nikaifuta. Ya tatu haikudai kitu, na ukiandika jambo kwenye simu moja linaonekana kwenye nyingine papo hapo. Nikaichagua hiyo. Majaribio yote niliyafanya Jumamosi moja nyumbani kwa J, kwenye tableti yake, kwa sababu alisema, "Simu yako ina kioo kidogo, utaumia macho bure. Tumia hii."

Kazi ikaenda vizuri. Tatizo likaja kwenye ziara za kushtukiza. Bosi ana kawaida ya kutembelea vituo vyetu vya wilayani bila taarifa, na hata dereva huambiwa asubuhi ileile. Tukaenda Kongwa, tukakuta uwanja umefagiwa na kumwagiwa maji, na bwana mmoja ambaye siku zote huwa hayupo amekaa mezani na tai. "Karibu mkuu, chai iko tayari." Safari iliyofuata, kituo kingine, hali ileile.

Tulipofika ofisini aliniita kwake akafunga mlango. "Kalenda tunaiona watatu. Mimi siwezi kujisaliti. Mmebaki wawili."

Jamani, niliogopa. Na kwa woga huo nikamtaja Mama S. Nikasema ni mwenyeji wa Kongwa, na akipigiwa simu huwa anaongea Kigogo ambacho sikielewi. Wazo la mtego nalo lilikuwa langu: tuandike safari ya uongo kwenye kalenda, "Chemba, Alhamisi", na tusimwambie yeyote.

Alhamisi saa nne asubuhi simu ya mapokezi ikalia. Ni mkuu wa kituo cha Chemba. "Samahani dada, mkuu amefika wapi? Mbuzi ameshaiva."

Siku hiyohiyo Mama S alipewa barua ya kutakiwa kujieleza na kuambiwa asubiri nyumbani. Nilimsindikiza hadi getini. Akanishika mkono: "Mwanangu, ile kalenda sijaifungua tangu uliponiwekea. Neno la siri nililisahau, nikaona aibu kukuuliza. Wewe ndiye unayeyajua haya mambo, waeleze." Hakujua kwamba ni mimi niliyemtega. Nami nilijisemea moyoni, huyu mama anajua kuigiza.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa J. Yuko jikoni anakaanga mayai, tableti iko juu ya meza. Ikalia. Nikasogea kuangalia. Ilikuwa imeandikwa: "Kikao cha watumishi, kesho saa tatu." Ni kikao cha bosi wangu, nilikiandika mimi mwenyewe. Tangu ile Jumamosi sikuwahi kuitoa akaunti yangu kwenye kile kitu.

Kaka yake J anafanya kazi kituo chetu cha Chemba.

Nikamuuliza, "J, kaka yako alijuaje kuhusu Alhamisi?"

Akacheka. "Umeshakuwa polisi, mama watoto?" Alipoona sicheki, akazima jiko. "Si uliniachia mwenyewe? Nilijua tunasaidiana. Nilimwambia kaka, naye akawatonya wenzake wa Kongwa, basi. Nani amekufa? Halafu kumbuka, humo kuna jina lako, la kwangu halimo."

Nikaondoka bila kula. Tangu hapo sina amani na chochote. Najiuliza kama ile tableti alinipa kwa upendo. Najiuliza kwa nini alianza kunisalimia wiki ileile niliyohamishiwa ofisi ya bosi. Pengine namwonea kama nilivyomwonea Mama S. Akaunti sijaifunga, kwa sababu nikiifunga, alama kwamba inasomwa kwenye tableti ile itapotea, na ndicho kitu pekee cha kumwokoa yule mama. Lakini kila saa inayopita J anaendelea kusoma.

Bosi amenipa maelezo ya ushahidi nisaini kabla ya Ijumaa. Yamesema kalenda ilionekana na watu watatu tu. Nikisaini, nathibitishwa na kuolewa, na Mama S anaondoka na doa baada ya utumishi wa miaka yote ile. Nikisema ukweli, nani ataamini kwamba sikuuza ratiba kwa makusudi? J ameshaniambia atasema nilimwachia.

Jana Mama S alinitumia ujumbe, anaomba nimsaidie kuandika barua yake ya kujieleza kwa sababu yeye hajui kueleza mambo ya kalenda. Anakuja kwangu kesho jioni. Ndugu zangu mliowahi kukwama hivi, naombeni busara zenu bila matusi: nimwambie yeye kwanza akiwa amekaa mbele yangu, au niende kwa bosi kabla hajafika?