Bao la Karyagin

Kwetu Lomovsk, mtu akimgeuka mwenzake, watu husema kamfanyia Karyagin. Siku hizi hata watoto wanalisema, wala hawajui kwamba Karyagin alikuwa mtu mwenye mwili na damu, mwenye kifua kibovu, mpenda viazi vya kukaanga na uyoga. Mimi namjua kwa sababu ni shemeji yangu. Nilimwoa dada yake, Klavdia, na kwa miaka mingi nyumba yetu ndiyo ilikuwa nyumba pekee mjini ambamo aliingia bila kubisha hodi.

Jina lake lilikuwa Venedikt Osipovich Karyagin. Sisi tulimwita Venya. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha chuma, kama baba zetu wote, na timu yetu, Kuznets, yaani Mhunzi, ilikuwa ya kiwanda hichohicho. Uwanja uliwekwa juu ya kinamasi kilichofukiwa kwa majivu ya tanuri, kwa hiyo mchezaji akianguka pale huinuka na magoti meusi. Kikosi cha kabla ya vita na Wajerumani kilikwenda vitani chote. Wakarudi wawili, mmoja hana mkono. Baada ya hapo timu ilipanda daraja, ikashuka, ikapanda tena, lakini haikuwahi kufika Ligi Kuu. Maisha yetu yalikuwa katika ligi ya pili, kusafiri kwa treni siku nzima kwenda kufungwa katika miji ambayo redio haiitaji hata katika habari za hali ya hewa.

Venya aliingia kikosini akiwa bado fundi mwanagenzi. Alikuwa beki wa kati. Hakuwa na mbio wala madoido, ila alikuwa na kichwa kigumu na alijua mpira utaangukia wapi. Akawa nahodha. Wake zetu walimsifu kwa jambo jingine: baada ya mechi alikwenda kwake kula supu ya kabeji na mkewe, Nonna, na binti yao, Lida, wakati wenzake wanabebwa kutoka baa.

Kisha nchi ile kubwa ya Wasovieti ikavunjika. Kiwanda kikaanza kutulipa mishahara kwa vikaango, nasi tukasimama kando ya barabara kuu tukiwauzia wapita njia. Tanuri zikazimwa moja baada ya nyingine. Katika dhiki hiyo, jambo la ajabu, Kuznets ikaanza kushinda. Sijui ilikuwaje. Labda wachezaji hawakuwa na pengine pa kwenda. Vuli ya mwaka wa tisini na tano tulifika mechi ya mwisho, nyumbani, tukihitaji sare tu ili tuingie Ligi Kuu. Watu waliokuwa hawajala nyama tangu kiangazi walinunua tiketi. Wazee walilia kwenye foleni ya mkate.

Kiwanda wakati huo kilikuwa kimeshaangukia mikononi mwa mtu mmoja, Eduard Stepanovich Lychagin, na timu pamoja nacho. Siku mbili kabla ya mechi aliwaita ofisini wachezaji wanne wakongwe, wakiwemo Venya na kipa, Savely Drozd, ambaye alikuwa rafiki yake tangu shule. Lychagin aliwamiminia chai kwa mkono wake. Akawaeleza kwa upole kwamba Ligi Kuu ni gharama, inataka taa, inataka viti, inataka wachezaji wapya, naye hakununua kiwanda ili alishe mpira. Timu pinzani, inayoitaka nafasi hiyo, imeshazungumza naye. Wakikubali kufungwa, kila mmoja wa hao wanne atapata gari.

Watatu walitazama vikombe vyao. Venya akasema, "Mimi nitacheza."

"Ucheze, nani kakukataza?" Lychagin akamjibu. "Nyote mtacheza."

"Nitacheza kweli, Eduard Stepanovich."

Lychagin alimwambia kwamba mtu mwenye mke na mtoto hasemi hivyo. Venya aliinuka, akavaa kofia, akaja kwetu moja kwa moja. Ndivyo nilivyoyajua haya, siku ileile, jikoni kwetu. Klavdia alimsihi ajifanye mgonjwa. Alikataa. Alisema akikosekana, watatu wale watauza mechi bila wa kuwazuia. Akiwepo, huenda wakaona haya. Nilimuuliza kwa nini asimwambie kocha. Alicheka kidogo tu, nikaelewa kwamba kocha naye alikuwa ameshakunywa chai hiyo.

Siku ya mechi theluji ya kwanza ilianguka, ikawa inayeyuka ikigusa majani, uwanja ukawa kama sabuni. Nilikaa na Klavdia jukwaa la mbao, upande wa bomba la moshi. Katika maisha yangu sijaona mtu akicheza vile. Venya alizuia kwa kichwa, kwa kifua, kwa uso. Alimzuia mshambuliaji ambaye beki mwenzake alikuwa amempisha kama anayempisha mgeni mlangoni. Wale watatu waliona haya au hawakuona, sijui, ila mpaka karibu na mwisho ilikuwa bado bila bila, na uwanja mzima ulikuwa umesimama, watu wameacha hata kutafuna mbegu zao za alizeti.

Ndipo ikapigwa krosi, ya kawaida kabisa, mpira wa kipa. Savely alitoka, akainua mikono, akauacha umpite. Venya alikuwa nyuma yake. Aliwahi, akaupiga ili autoe nje, mguu wa kushoto ukateleza kwenye theluji, mpira ukamgonga ugokoni, ukaingia wavuni mwetu.

Nilisikia bendera ikipigapiga mlingoti wake.

Habari kwamba mechi imeuzwa ilienea kabla ya jua kuzama, kwa maana mji mdogo haufichi kitu. Lakini nani kauza? Watu walikuwa wameona kwa macho yao nani kafunga. Mlango wake ukapakwa rangi nyekundu: YUDA. Akaufuta, ukapakwa tena. Dukani wanawake walimwachia nafasi kubwa kwenye foleni, kama mwenye ukoma. Lida alirudi kutoka shule na nywele zimekatwa upande mmoja. Nonna alivumilia mpaka Februari, kisha akamchukua mtoto, wakaenda kwa mama yake ng'ambo ya Milima ya Ural. Nonna alimwamini mumewe. Nasema hivyo kwa sababu wengi humsingizia. Alimwomba waondoke pamoja. Venya alikataa.

"Nikihama," alituambia, "watasema nimekimbia na gari."

"Na ukibaki watasema nini?" Klavdia akamuuliza.

Alichukua kofia yake, akaenda kuufuta mlango.

Mimi mwenyewe nilizunguka nikieleza niliyoyajua. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakasema shemeji hawezi kusema vingine. Kwa hiyo Venya alimwendea Savely, mara moja tu, nami nilimsindikiza. Kweli, gari lilikuwa uani, limefunikwa turubai. Savely alitoka akasimama ngazini, hakutukaribisha.

"Savely, sitaki shari nawe," Venya akamwambia. "Sema tu kwamba mimi sikuwemo. Ya kwako yaache."

"Nikisema wewe hukuwemo, nimesema nani alikuwemo." Savely alikuwa akitazama viatu vyake. "Nina watoto watatu, Venya. Lychagin hana mchezo."

"Mimi nilikuwa na mmoja."

Savely akafunga mlango.

Msimu uliofuata Kuznets ilishuka daraja, na msimu wa baada yake ikafa. Lychagin alikwenda kuishi Kupro. Jukwaa la mbao likageuka soko la makoti, mabanda yakajengwa hadi kwenye mstari wa kati. Venya aliajiriwa kulinda kilichobaki. Asubuhi alikwangua theluji, kiangazi alikata majani ya nusu ile iliyobaki, ingawa hakuna aliyecheza. Wauza makoti walimtemea maganda ya mbegu miguuni, naye alifagia.

Miaka kumi baadaye alikuja gavana aliyependa mpira. Soko likaondolewa, timu ikafufuliwa kwa jina lilelile, ikarudi ligi ya pili. Siku ya ufunguzi wachezaji wa zamani waliitwa uwanjani wakapewa maua, Savely miongoni mwao. Venya ndiye aliyekuwa ameuchora uwanja kwa chokaa. Aliwatazama kutoka chumba cha mashine ya kukatia majani. Misimu miwili baadaye gavana alikamatwa, fedha zikakatika, wachezaji wakaondoka mmoja mmoja na mabegi yao, na timu ikafutwa katikati ya msimu. Safari hii hakuna aliyelia.

Savely aliugua koo. Jumamosi moja alikuja kwenye bafu la mvuke la mji, amekonda kama ufagio, wakati wanaume wamejaa. Venya alikuwa amekaa benchi la chini kabisa, peke yake kama kawaida. Savely alisimama katikati, akasema kwa sauti ya kukwaruza kwamba mechi ile waliiuza watatu, akajitaja na kuwataja wenzake, akasema nahodha alikataa mbele ya macho yake na akacheza kwa haki.

Kisha mzee mmoja wa tanurini, Yefim, akasema bila ubaya wowote, "Lakini bao si alifunga yeye?"

Venya alijimwagia maji ya baridi, akavaa, akatoka.

Nilimfuata. Tulikwenda kwangu, Klavdia akakaanga viazi. Nilidhani atalia au atamshukuru Mungu. Alikula polepole, kisha akaweka uma chini.

"Shemeji, Savely kasema ya kwake. Mimi ya kwangu siyajui."

Nilimuuliza yapi.

"Ule mguu. Nimeurudia kichwani miaka yote. Nilikuwa nimechoka, nawaona wale wamesimama tu, nikawaza, acha basi, iishe. Niliwaza hivyo kabla ya krosi. Kama niliteleza au niliuacha uteleze, sijui." Akachukua uma tena. "Ningekuwa na hakika niliteleza, ningewapiga watu hawa. Ningepiga hata mmoja."

Klavdia alimwambia ni theluji. Mimi pia nilimwambia. Nilikuwepo, niliiona.

Tangu siku ile baadhi ya watu walianza kumsalimu barabarani. Alishtuka kila mara, akaangalia nyuma kuona nani anasalimiwa. Savely alizikwa Mei. Venya hakwenda, lakini alimpelekea mjane gunia la viazi. Yeye mwenyewe alifariki Machi iliyofuata, hospitalini, kwa mapafu, vumbi la kiwanda. Lida alifika kutoka mbali, mwanamke mzima mwenye kidevu cha baba yake. Alikaa nasi siku tatu, akauliza maswali machache, wala hakuuliza juu ya mechi. Kaburini tulikuwa watu wachache, na mvua ilikuwa inanyesha juu ya theluji chafu. Klavdia alitaka yaandikwe juu ya jiwe maneno "Nahodha wa Kuznets". Lida akasema, "Hapana, shangazi. Andikeni jina tu."

Tukaandika jina tu.