Bwana Asafiri

Kanisani kwetu katika mtaa wa Satellite, Nairobi, mgeni akisimama kujitambulisha huanza na "Bwana asifiwe", nasi tunajibu "Amina". Jumapili hiyo alisimama mwanajeshi Mmarekani mweusi, aliyehamishiwa Nairobi karibuni.

"Bwana asafiri!" akasema.

Kanisa zima likacheka. Alidhani amemsifu Mungu, kumbe amemtakia safari. Akaendelea kwa Kiingereza, sauti ikishuka: mama yake angefanyiwa upasuaji wa moyo kesho yake, huko kwao, naye alinyimwa ruhusa ya kwenda. Kicheko kikakatika. Alipoketi, nikamwona anachukua kofia yake, tayari kuondoka.

Kwenye kiti cha mbele yangu alikuwa jirani yangu, bibi mzaliwa wa Jamaika aliyekulia Uingereza na kuolewa na Mkenya. Akainuka.

"Amina! Na asafiri kweli! Kijana hawezi kwenda, basi Bwana aende. Mnacheka nini? Ombeni!"

Tukaomba kwa maneno yale yale aliyokosea kijana.

Baada ya ibada bibi alimshika kijana mkono. "Wewe unakula kwangu." Akanigeukia. "Na wewe uje ukune nazi."

Nilipokuwa nikikuna, alitusimulia. Utotoni mwake Uingereza, Wajamaika walisali katika ukumbi wa shule, karibu na kambi ya Wamarekani. Wanajeshi weusi walipokuja Jumapili, kila familia iliondoka na mmoja wao kwenda kula.

"Makanisa mengine yalitutazama kama watu waliopotea njia," alisema. "Kwa hivyo tulijua Jumapili ya mtu aliye mbali na kwao inavyokuwa ndefu."

"Walikula?" kijana akauliza.

"Walimaliza! Baba alikuwa anaficha paja lake la kuku chini ya wali."

Kijana akacheka kwa mara ya kwanza.

Jumatatu alipotoka kazini hakwenda kwenye nyumba yake katika mtaa wa Hurlingham. Alikuja kwa bibi, tukakaa pamoja tukingoja habari za mama yake. Jumanne jioni akaja tena, na wali ulipokuwa mezani simu ikalia. Alikuwa dada yake. Mama ameamka, akasema, na anauliza mwanawe yuko na nani.

Kijana akaanza kulia. Mimi nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, nikashukuru pia kuwa jirani wa mwanamke huyu. Bibi alikuwa ameshaichukua simu.

"Mwambie ako na sisi, lakini hamalizi chakula."

"Namaliza," kijana akasema, akifuta macho na kuvuta sahani.