Seva Iliyovikwa Kitambaa

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, kampuni ya utafiti wa dhahabu niliyoifanyia kazi ya ukarani ilifunga kambi yake Geita. Niliondoka na kompyuta kuukuu ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Nilipoishusha nyumbani Shinyanga nilijua kabisa nitaifanya nini: itakuwa seva. Itatunza kurasa, na kompyuta nyingine iliyounganishwa nayo kwa waya itaziomba na kuzionyesha. Hiyo nyingine tulikuwa nayo, mke wangu aliitumia chumba cha mbele kuchapa barua za watu. Simu hatukuwa nayo, wala kazi hii haikuihitaji.

Mteja nilimpata kabla sijamaliza. Alikuwa mfanyabiashara wa vipuri, Mhindi mzaliwa wa hapohapo mjini, mwenye duka mbele na ghala nyuma. Wauzaji wake walishinda wakikimbia ghalani kuuliza kama beringi fulani ipo. Nikamwambia wataandika jina la kipuri pale kaunta, na ukurasa utawaonyesha rafu. Akanipa daftari la ghala nilinakili kwenye mashine.

"Nakuja Jumamosi," akasema. "Nikiikuta imezima, tusisumbuane tena."

Sikuwa na kazi nyingine ya kutegemea. Na mashine ilikuwa ikizima yenyewe kila alasiri.

Nilibadili waya wa umeme. Nilifungua boksi nikapuliza vumbi. Nikiiwasha inafanya kazi vizuri, nikirudi kutoka mjini naikuta kimya. Kila nilipotaka kuifungua nilianza kwa kuondoa kitambaa kilichoifunika, na nilipomaliza nilikirudisha.

Kitambaa hicho alikifuma mama mkwe, aliyekuja kutoka Samuye kutusalimia. Kilikuwa kizito, chenye maua pembeni, naye alikikunja mara mbili ili kishuke vizuri hadi mgongoni mwa mashine. Sikukitilia shaka. Redio ya baba yangu ilivikwa kitambaa, na sijui nyumba ya mjini iliyoacha redio yake wazi.

Alhamisi nilikiinua nikakiona kina joto kama kilichotoka kupigwa pasi. Feni ya mashine ilikuwa mgongoni, nacho kilikuwa kimeiziba.

"Mwambie mama yako akitoe," nilimnong'oneza mke wangu.

"Mwambie wewe, Baba Fundi."

"Mimi? Mama mkwe wangu?"

"Basi mwache akuvishe na wewe," akasema, akacheka mpaka akashika mlango.

Sikuwa tayari kumvua mama mkwe heshima yake, wala kumpoteza tajiri wa vipuri. Nikakaa nikaitazama mashine, na jibu likaja: seva haihitaji kioo cha kutazamia. Ikishawaka, inafanya kazi yake bila kutazamwa na mtu. Nikang'oa kioo, nikakiweka juu ya kabati sebuleni, nikakivika kitambaa. Boksi nikalisukuma chini ya meza, uchi, juu ya matofali mawili.

"Sasa imekaa mahali pake," mama mkwe akasema. "Kule ilikuwa imejificha."

"Ahsante, mayu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma, macho chini.

Alasiri ya Ijumaa ikapita, mashine inanguruma. Jumamosi tajiri alifika, akamwamkia mama mkwe shikamoo, akaketi mbele ya kompyuta ya mke wangu. Akaandika jina la beringi ya lori. Ukurasa ukafunguka: rafu ya tatu, upande wa dirisha. Akaandika kipuri kingine, kisha kingine, akinitega. Vyote vikaja.

"Na hiyo seva yenyewe iko wapi?"

Kabla sijaonyesha chini ya meza, mama mkwe akanyoosha mkono kabatini. "Si ile pale! Huoni ilivyopendeza?"

Tajiri akaitazama, akanitazama, kisha akaona taa ndogo ya kijani ikiwaka kati ya miguu yangu. Akacheka taratibu.

"Njoo unifungie hii seva dukani Jumatatu," akaniambia. Kisha akamgeukia mama mkwe. "Na mimi nataka yenye kitambaa, mama."

Nilipokuwa bado nakadiria urefu wa waya, mama mkwe alikwisha kumtuma mtoto wetu sokoni kununua uzi.