Fyuzi Niliyoiandika Daftarini

Mimi ndiye mtunzaji wa daftari la mafundi wa redio hapa Shieywe. Kila fundi huandika humo tatizo alilolitatua kwa mkono wake. Kurasa zangu zilikuwa chache, nikaona aibu, nikabuni mmoja: redio-kaseti ya spika mbili ikinyamaza, badilisha fyuzi ya ndani.

Juzi Nekesa, fundi wa Chekalini aliyekuwa ameusoma ukurasa huo, aliingia na redio kama hiyo, mali ya kanisa lao.

“Fundi, nimetafuta hiyo fyuzi siku mbili. Nikasema ni macho yangu. Nionyeshe.”

Wenzangu wakasogea. Nililegeza skrubu polepole, nikiomba stima ipotee, giza liingie. Haikupotea. Kifuniko kikatoka, tukachungulia sote. Hakukuwa na fyuzi.

Nekesa akaniwekea daftari mapajani, na kalamu juu yake.

“Haya, andika vile tumeona.”