Jani la Baba Kwenda Mwanza

Asubuhi ya harusi ya mdogo wangu, baba aliingia chumbani kwangu na jani la isale mkononi, amelifunga fundo. Akasema, "Mpelekee."

Sisi ni Wachaga wa Lemara, Arusha, na uzio wetu ni wa masale aliyoyaleta baba mwenyewe kutoka Kilimanjaro. Kwetu, mtu aliyekukosea akikutumia jani hilo, huna njia ya kumkatalia msamaha. Na aliyekosa ni baba. Mwaka juzi alimfukuza mchumba huyuhuyu wa mdogo wangu kabla hata hajaonja chai, eti mtu wa Mwanza hatujui kwao. Tangu hapo binti hakumpigia simu. Mama na ndugu wote walishatangulia harusini Mwanza, mimi nikabaki na mzee kwa shingo upande.

Nilikasirika, sifichi. Siku zote hizo alikuwa wapi? Akanionyesha simu yake: Arusha hadi Mwanza kwa ndege, mwendo wa saa moja. Ibada ni saa nane mchana, na kwa basi, kupitia Singida na Shinyanga, ningefika watu wamelala. Tiketi alishakata. Nikamwambia, kama ni hivyo, twende wote. Akatazama chini, akasema mkosaji halipeleki jani mwenyewe, hutuma mtu. Mila ndivyo ilivyo, lakini niliona pia kwamba anaogopa.

Uwanjani, dada wa ukaguzi alilitoa jani kwenye mkoba wangu, akaona fundo, akanirudishia kwa mikono miwili. Aliuliza taratibu nani amekosa. Nikamwambia baba. Akaniambia niwahi.

Niwahi vipi? Mawingu yalikuwa yameufunika Meru mpaka chini, na ndege yetu ilikuwa haijatua. Nikakaa, nikasimama, nikaenda chooni bila haja, nikarudi dirishani. Abiria mmoja akaniambia haraka haraka haina baraka. Nusura nimjibu vibaya. Baba naye hakuchoka kupiga: mmesharuka? Nikamwambia mzee, simu yako haikuhesabu mawingu. Nikamuuliza kama nimtumie bibi harusi picha ya jani. Akakata simu.

Tuliruka saa nane, wakati mdogo wangu anaingia kanisani. Saa moja ile ya angani sijui niliimalizaje. Nilimkasirikia rubani, nikayakasirikia mawingu, na baba kuliko wote. Lilipotokea ziwa, watu wakapiga picha. Mimi nilikuwa nafungua mkanda.

Nilimkuta mdogo wangu ukumbini, ameshaolewa, amekaa meza ya mbele na shela lake. Nikapita katikati ya wageni na jasho langu, nikampa jani. Aliligeuzageuza, akaligusa fundo, akauliza kama baba alilifunga mwenyewe. Nikamwambia ndiyo. Akaomba simu yangu, akampigia.

"Baba, limefika," akasema. "Mimi nilishakusamehe siku nyingi. Nilikuwa nangoja uniombe."

Nilikuwa nimeinama karibu yake, nikamsikia baba akianza kulia. Mzee huyu hakutoa chozi hata siku ya kumzika mama yake. Mdogo wangu hakumbembeleza wala hakukata simu. Alikuwa anamsikiliza tu.

Mshereheshaji akaja kumwita akakate keki. Mdogo wangu akamwonyesha kwa mkono asubiri.