Bendi Saba za Nyundo

Kwa miaka ishirini na miwili Nyundo alipiga ngoma katika bendi moja tu ya roki, na gitaa la besi alipiga mdogo wake wa tumbo moja. Kaka mtu aliitwa Nyundo kwa sababu hakuna onyesho alilomaliza bila kuvunja vijiti. Mdogo mtu alikuwa mkimya. Alisimama kushoto kwa ngoma, akipiga besi yake nyuma kidogo ya mdundo, kidogo sana, kama mtu anayeburuta miguu makusudi. Wasikilizaji hawakuijua siri hiyo. Walijikuta tu wanacheza.

Kifo hakipigi hodi. Mdogo mtu alianguka mchana kweupe, akingoja zamu yake kwa kinyozi, na moyo ukasimama palepale. Siku ya tisa mwimbaji wa bendi alileta mpiga besi mwingine mazoezini.

"Tuna onyesho Jumamosi, kaka. Tufanyeje?"

Nyundo akahesabu hadi nne, wakaanza. Mgeni yule alikuwa fundi hasa. Wimbo haukufika nusu, Nyundo akaweka vijiti chini, akachukua koti lake, akatoka. Hakurudi.

Watu walidhani ndiyo basi, muziki ameacha. Wapi! Ndani ya miaka sita alipitia bendi saba. Alipiga jazi na madaktari wawili wa meno, kwenye kliniki yao, kiti cha wagonjwa kimesukumwa ukutani. Alipiga harusini na kundi la suti za zambarau. Alirekodi albamu ya ngoma tupu. Waliinunua watu kumi na mmoja, wanne kati yao ndugu zake. Akafundisha bendi ya wazima moto.

"Mume wangu, una bendi nyingi kuliko soksi," mkewe alimtania. Lakini kupitia dirisha alimwona, jinsi alivyorudi na kukaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kushuka.

Kila kundi aliliacha kwa kisingizio. Hawa wanachelewa, yule anaimba puani. Aliyemnasa ni shemeji yake, mjane wa marehemu, mshona mapazia. Siku hiyo Nyundo alikuwa kwake anakaza bawaba ya kabati.

"Nasikia na wazima moto umewaacha, shemeji."

"Hawana nidhamu."

"Wazima moto?" Mjane alicheka, kisha akasimamisha cherehani. "Mimi wameniposa wanaume watatu tangu nifiwe. Watu wazuri wote. Nikawa nasikiliza wanavyotembea hapo sebuleni, nangoja mmoja atembee kama yeye. Hakuna. Na wewe huko kwenye bendi, unasikiliza nini?"

Nyundo aliacha kukaza bawaba. Mazishini alibeba jeneza kwa mbele bila kudondosha chozi, wakamsifu kwa ujasiri. Sasa alilia, bisibisi mkononi.

"Miaka yote nilipiga nikimsikia anakuja nyuma yangu," alisema. "Sasa hakuna anayekuja."

Shemeji hakumnyamazisha. Alivuta kiti, akakaa karibu naye mpaka kilio kikaisha.

Wiki iliyofuata Nyundo alimtafuta yule mpiga besi aliyemwachia wimbo katikati. Alimkuta nyumbani kwake, akamwambia mlangoni kabisa, "Nimekuja kuomba radhi. Sikuwa na neno na wewe."

Yule bwana akafungua mlango wote.

"Nilidhani nimekosea noti, kaka. Miaka sita naupiga ule wimbo peke yangu humu ndani, natafuta nilipokosea."

"Hukukosea," Nyundo alisema. "Hata noti moja."

Kwenye bendi ya zamani hakurudi. Alirudi kwa madaktari wa meno, wakampokea, na huko yuko mpaka leo. Siku nyingine wanapiga vizuri mpaka jioni. Siku nyingine anasimama katikati ya wimbo, anasema ana kiu, anakwenda kwenye sinki na kufungua bomba, wala hanywi. Wenzake huweka vyombo magotini wakangoja.